Maziwa ya Kingamwili

Asubuhi ile Mama Kalisti alikuwa na benchi zima la wageni, na ndani hakuwa na hata tone la maziwa.

Kwa mwanamke aliyelelewa kwenye boma la ng'ombe, hiyo ni aibu ya kumtia mtu homa. Wageni wenyewe walikuwa vijana wachimbaji kutoka maduara, mashimo ya dhahabu nje ya mji wa Runzewe, wenye vumbi mpaka kwenye kope. Walikuwa wamekuja kutolewa damu ya kupimwa zebaki, na waliambiwa waje bila kula kitu. Damu ilishatolewa. Kila mmoja alikuwa amekunja mkono na kubana kipande cha pamba kwenye kiwiko, na wote walikuwa wakiutazama mlango wa jiko kwa ile adabu ya watu wanaojifanya hawatazami chochote.

Mama Kalisti, ambaye kwa jina la ubatizo ni Paskalina, ndiye aliyekuwa akipika na kufagia katika nyumba ile. Zamani ilikuwa duka la pamba, sasa walikuwa wamepanga watu wa utafiti. Chumba cha mwisho kilikuwa na mashine, na katika chumba hicho alifanya kazi Loveness, binti wa Kolandoto aliyekuwa anasomea shahada yake ya juu. Mama Kalisti alimpenda tangu wiki ya kwanza, alipomkuta amesimama mlangoni na viatu mkononi, anangoja sakafu iliyopigwa deki ikauke. Hakuna aliyemwambia angoje. Alingoja tu.

Maziwa ya chai kwa kawaida yaliletwa na Mageni, jirani mwenye ng'ombe upande wa pili wa barabara ya Kahama. Lakini siku hiyo ng'ombe wa Mageni walikuwa wamepelekwa kwenye josho alfajiri, kabla ya kukamuliwa.

"Mama Kalisti," aliita Nasibu, mkubwa wa wale vijana, mtu wa Handeni aliyezoea migodi ya Geita kuliko kwao. "Chai ya Wasukuma inapikwa au inaombewa?"

"Tulia wewe Mzigua. Kwenu chai mliiona lini?"

"Kwetu tuliiona, tena ilikuwa na maziwa."

Wenzake wakacheka chinichini. Mama Kalisti akarudi jikoni akaitazama sufuria ya chai nyeusi. Watu wametolewa damu, akawaza, halafu niwape chai ya rangi kama msiba wa mtu asiye na ndugu. Ndipo akalikumbuka lile bati.

Alikuwa ameliona kabatini, katika chumba cha mashine, alipokuwa anapangusa vumbi: bati dogo la maziwa ya unga, limekaa peke yake kwenye rafu ya chini. Alipoliona alimwonea Loveness huruma. Binti mwembamba vile, akadhani, ananunua maziwa yake anayaficha, anaona haya kula mbele za watu. Sasa alijiambia kwamba mtoto mwenye malezi kama yale hawezi kukasirika maziwa yake yakiwapa wageni nguvu. Akaenda akalichukua, akalifungua kwa ncha ya kisu, akamimina lote kwenye sufuria. Nusu isingetosha, na kugawa chai ya maziwa kwa wengine na ya rangi kwa wengine ni kupanda ugomvi.

Chai ikatoka nyepesi, ya rangi ya maji ya udongo.

"Huyu ng'ombe alikuwa anaumwa?" Nasibu aliuliza, akichungulia kikombe.

"Kunywa."

"Nakunywa, mama. Nauliza tu, tumpe pole."

Hata hivyo walimaliza, wakaongezwa, wakamaliza tena. Mmoja wao, kijana mpole aliyekuwa hajasema neno tangu afike, alivikusanya vikombe vyote akavipeleka kwenye beseni bila kuagizwa. Mama Kalisti aliliona hilo, akaliweka moyoni.

Walikuwa wanaanza kuondoka Loveness alipotoka kwenye chumba chake, glavu mikononi.

"Mama, shikamoo tena. Lile bati la maziwa kabatini umelihamisha?"

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu. Nimewapikia wageni chai." Akatabasamu. "Nitakununulia lingine, usiwe na wasiwasi."

Loveness hakutabasamu. Aliuliza swali moja tu, kwa sauti ndogo: "Lilikuwa halijafunguliwa?"

"Nimelifungua mimi mwenyewe."

"Basi nashukuru Mungu, hakuna atakayeumwa." Halafu akaketi kwenye benchi, pale pale palipokuwa pamekaa wachimbaji, akavua glavu kidole kimoja kimoja. "Yale hayakuwa ya chai, mama. Yalikuwa ya kingamwili."

Mama Kalisti akaacha kutabasamu. Neno kingamwili alilijua. Jioni nyingi, wakiwa wanakausha vyombo pamoja, Loveness alikuwa amemweleza kazi yake, na yeye alikuwa amesikiliza kama anavyosikiliza habari za mtoto wa mtu.

Ndani ya kila chembe ya mwili, Loveness alisema, mna nyuzi ndefu za urithi, nazo zimezungushwa kwenye protini ndogondogo kama uzi kwenye kibiringo. Protini hizo wataalamu wanaziita histoni. Na kuna kimeng'enya kinachopita kinazipiga chapa, kama watu wanavyowapiga chapa ng'ombe, na kwa chapa hizo mwili unajua sehemu gani ya uzi ifunguliwe na ipi ibaki imefungwa. Loveness alitaka kujua kama moshi wa zebaki, ule wanaouvuta vijana wanapochoma dhahabu, unakisumbua kimeng'enya hicho. Kwa macho hakionekani. Ndiyo maana ilitafutwa kingamwili, dawa iliyotokana na damu ya sungura huko ng'ambo, inayokitambua kimeng'enya hicho kimoja tu na kukishika, kama mbwa anavyomtambua mwenye mji katikati ya mnada. Ilikuwa kwenye friji, ndani ya kichupa kifupi kuliko pingili ya kidole. Mama Kalisti alikuwa akipita karibu na friji ile kwa kunyata.

"Sasa maziwa yanaingiaje?" aliuliza.

"Ile karatasi yangu nyeupe niliyokuonyesha jana, nimeshaibandika protini za damu waliyotoa vijana wiki iliyopita. Lakini karatasi ile inanata kila mahali. Nikiweka kingamwili hivi hivi, itakaa popote inapopata nafasi. Kwa hiyo kwanza ninailowesha kwenye maziwa. Maziwa yanajaza nafasi zote tupu, na kingamwili ikija inakosa pa kukaa, inakwenda kwa mwenyewe tu."

"Kama viti vya arusi," Mama Kalisti akasema polepole. "Ukivijaza, mgeni anakwenda kwenye kile alichowekewa."

"Hivyo hivyo."

"Na ya dukani hayafai?"

"Ya hapa yote yana mafuta. Nimeyajaribu mara mbili, na mara zote karatasi imetoka imechafuka kama sakafu ya karasha la kusagia mawe. Lile bati nilitumiwa kutoka Mwanza, ni la yale yasiyo na mafuta." Loveness akapangusa paji la uso kwa mkono. "Kingamwili iliyobaki inatosha mara moja. Ya kuagiza itafika mimi nimeshaondoka. Kesho umeme unakatwa kutwa nzima, wametangaza, na kesho kutwa gari la chuo linakuja kubeba mashine. Ni leo, mama. Kama si leo, damu yote ya wale vijana nimeichukua bure."

Alisema hivyo bila kumlaumu mtu, na hilo ndilo lililomuuma Mama Kalisti. Kama angekaripiwa angejitetea. Sasa alibaki na hatia yake mikononi, haina pa kuiweka.

Nasibu alikuwa amesimama mlangoni na ufunguo wa pikipiki, amesikia kila kitu. "Kwa hiyo ile chai," akasema, "tumekunywa utafiti."

"Nyamaza, Nasibu," Mama Kalisti akasema. "Nipeleke kwa Mageni."

Wakapanda pikipiki. Alikuwa na wazo moja. Maziwa yasiyo na mafuta si kitu cha kutoka Mwanza. Kwao yalikuwepo kila siku. Mtu anasuka maziwa kwenye kibuyu, siagi inajitenga, kinachobaki ni hicho. Mageni alikuwa amesuka jana yake, akamjazia mtungi mdogo bila kuuliza, maana alikuwa anapalilia karanga na hakutaka kupoteza muda.

Waliporudi, Loveness aliuchungulia ule mtungi kwa heshima. Akamimina kidogo kwenye kikombe. Yalitoka mabonge, yakanukia uchachu mzuri wa nyumbani.

"Haya ni matamu, mama. Kwa ugali yangenifaa sana." Akanywa lile funda, akalamba mdomo. "Lakini yameganda. Yakikaa kwenye karatasi yangu yatakuwa madoa matupu. Nahitaji ambayo hayajachacha."

"Ambayo hayajachacha yana mafuta."

"Ndiyo."

Nje Nasibu alikuwa anaipiga teke stendi ya pikipiki, anaishusha, anaipandisha. Angeweza kuwa ameshaondoka. Wenzake walishafika kwenye maduara.

"Mama," Loveness akauliza, "mabichi yakikaa kwenye chombo, mafuta yanakwenda wapi?"

"Juu. Unayaengua asubuhi."

"Lazima yakae usiku kucha?"

"Yana haraka gani?"

Loveness akageuka, akaitazama mashine iliyokuwa pembeni ya meza, ile ya duara anayotumia kuzungushia damu mpaka itengane, chembe chini na maji juu. Akaitazama kwa muda. Halafu akaanza kucheka, kwanza kidogo, kisha akaziba mdomo kwa kiganja.

"Nimekaa na kitu hiki mwaka mzima," akasema. "Mara mbili nimeharibu kazi kwa mafuta ya maziwa, na kitu chenyewe kimekaa hapa kinanitazama. Mama, nenda tena kwa Mageni. Niletee mabichi."

Safari ya pili, ng'ombe walikuwa ndiyo kwanza wanarudi kutoka joshoni, wamelowa, wananuka dawa, wana hasira. Mageni aliacha jembe akaweka mikono kiunoni.

"Umerudi? Leo mnafungua hoteli?"

"Nataka mabichi, mayu. Si ya watu. Ni ya karatasi."

"Karatasi inakunywa maziwa?"

"Inakunywa, ila haitaki mafuta."

"Ina presha?"

"Ina presha, maskini," Nasibu akadakia kutoka kwenye pikipiki. "Na daktari wake ni huyu mama, ndiye aliyewapa wengine chakula cha mgonjwa."

Mageni akamtazama Mama Kalisti, akaona macho yake, akaacha mzaha. Hakuuliza zaidi. Akaosha mikono na matiti ya ng'ombe kwa maji mengi ili dawa ya josho isiingie, akachuchumaa akakamua. Ndama alikuwa amefungwa kwenye kigingi, analia kama amefiwa.

"Huyu ataninunia mpaka jioni," Mageni alisema, akifunga kidumu. "Mwambie huyo binti, akimaliza nitakuja kuona maziwa yangu yamefanya nini. Hayajawahi kusoma."

"Wabeja, Mageni, asante sana."

"Nenda, yatachemka na jua."

Nasibu aliendesha pikipiki kama amebeba bibi arusi. Bodaboda walimpita wakampigia honi za kumcheka, hata mzee wa baiskeli akampita, naye hakuongeza mwendo. Mama Kalisti alikaa nyuma amekumbatia kidumu, akaona kwamba kijana anakwepa kila jiwe, na akamsamehe maneno yake yote ya siku hiyo na ya wiki iliyopita.

"Kwanza tuyachemshe," Loveness alisema walipofika. "Maziwa mabichi yana vimeng'enya vyake, vitaniletea rangi pasipo na kitu."

Kuchemsha Mama Kalisti alikujua. Alisimama juu ya sufuria hakupepesa, akaengua utandu, akaitia sufuria kwenye beseni la maji ya mtungi ili ipoe. Loveness akayagawa maziwa kwenye vichupa vya mashine, akafunga kifuniko, ikaanza kuvuma. Ilipotulia, akainua kichupa kimoja kwenye mwanga wa dirisha. Juu palikuwa na kifuniko kinene cha mafuta, cheupe na kigumu. Chini yake maziwa yalikuwa mepesi, ya samawati kidogo, kama yale yaliyoharibu chai. Loveness akatoboa mafuta taratibu, akanyonya ya chini kwa sindano isiyo na ncha, akaacha ya juu.

Karatasi ikalowekwa kwenye trei. Kilichobaki ni kuitikisa polepole ili maziwa yapite kila pembe, na mashine ya kutikisa ilikuwa imekufa tangu mwezi uliopita. Loveness alikuwa akifanya kwa mkono.

"Nipe mimi," Mama Kalisti akasema. "Wewe hujala."

Akaikamata trei kwa mikono miwili, akaanza. Mkono una kumbukumbu zake. Baada ya muda kidogo maziwa yalikuwa yanaruka kwenye kingo.

"Polepole, mama. Hatutafuti siagi."

"Samahani. Kichwa kimesikia maziwa, mikono ikaanza kusuka."

Wakacheka wote wawili, na ilikuwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Nasibu akaleta ndizi mbivu kutoka barabarani, akammenyea Loveness moja kwa sababu glavu zilimzuia, akamshikia mpaka akaimaliza.

Wakati wa kingamwili ukafika. Loveness alikitoa kichupa kwenye barafu, akakigonga kwa kucha ili kilichoshika ukutani kishuke, akaivuta dawa kwa sindano. Akasimama na sindano juu ya trei. Mama Kalisti alitaka kumshika bega lakini akaogopa kumgusa, kwa hiyo alikuja tu akasimama karibu, kiasi cha binti kusikia kwamba kuna mtu. Dawa ya sungura ikaingia kwenye maziwa ya Mageni, haikuonekana tena. Kichupa kikabaki kitupu.

Kisha ikawa kazi ya kutikisa na kuosha, kutikisa na kuosha. Baadaye ikaja dawa ya pili ya kuifuata ile ya kwanza, na kuosha tena. Kila Loveness alipotaka kumpokea, Mama Kalisti alikataa. Jua lilikuwa limehama dirisha la mbele likaingia la nyuma, na mabega yake yalikuwa yanawaka, akaona hiyo ni haki. Aliyemimina bati lote ndiye atakayetikisa.

Mwisho Loveness akamwaga dawa ya rangi, inayogeuka kahawia pale tu kingamwili iliposhika.

Karatasi ilibaki nyeupe. Wakaitazama. Ikaendelea kubaki nyeupe, na Mama Kalisti akajikuta anaomba kwa Kisukuma, lugha anayoitumia kwa mambo mazito. Halafu pakatokea alama, hafifu kama mkwaruzo wa ukucha. Ikafuata nyingine pembeni yake, kwenye kimo kile kile, na nyingine. Zikakolea rangi ya kahawia, mistari mifupi iliyojipanga kwenye mstari mmoja, kama ng'ombe wanaokunywa kwenye birika. Mingine ilikuwa minene, mingine myembamba. Kwingine kote hapakuwa na doa.

Loveness akaiosha haraka ili rangi isizidi, akaiweka kwenye kipande cha kioo, akavua glavu. Machozi yalikuwa yanamshuka naye hakuyafuta.

"Imekwenda kwa mwenyewe," akasema. "Mama, imekwenda kwa mwenyewe tu."

Mama Kalisti akampa kona ya kanga yake.

Nasibu alikuwa ameinama juu ya kioo, mikono nyuma kama mtu aliyeambiwa asiguse. "Wangu ni upi?"

"Hata mimi sijui. Mmewekewa namba, na nani ni nani ameandika mtu mwingine aliye Mwanza. Ndiyo heshima yenu."

"Huu mwembamba unamaanisha nini?"

Loveness akafikiri kabla ya kujibu. "Sijui bado. Labda zebaki, labda sivyo. Nitarudi na jibu, na nitaanza na nyinyi kuwaambia. Jana nisingeweza hata kuuliza."

Nasibu akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuutazama ule mwembamba. "Basi tutakusubiri," akasema. Hakutia mzaha.

Walikuwa bado wamesimama hivyo Mageni alipobisha hodi, amebadilisha kanga, amenawa miguu. Alikuwa amekuja kama alivyoahidi. Mama Kalisti alimtolea kiti, lakini Mageni alikwenda moja kwa moja kwenye kioo, akainama karibu na Nasibu.

"Mwadila, mwanangu," alimsalimu Loveness. "Maziwa yangu yako wapi?"

"Mwadila, mama. Ni pale pote palipo peupe."

Mageni akaipitia karatasi kuanzia juu mpaka chini, bila haraka, kama anavyokagua shamba la mtu. Akanyoosha kidole, hakugusa, akakipitisha juu ya ule weupe wote uliozunguka ile mistari.

"Hapa pote?"

"Hapa pote."

"Na pasingekuwa peupe?"

"Tusingeona kitu," Mama Kalisti akajibu kabla ya Loveness.

Mageni akasimama wima, akajifunga kanga vizuri. "Haya. Nipeni kidumu changu," akasema. "Naona ng'ombe wangu amefanya kazi kubwa, nami nimemwacha kule na ndama wake wananinunia."

Loveness ndiye aliyekiosha kile kidumu. Alikiosha kwa maji ya moto, akakikausha kwa taulo yake mwenyewe, akakisindikiza mpaka barabarani.